Eksteno haisomi? Usiiformati

Wengi wanaoniletea eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia mafaili) iliyogoma hapa Kariakoo ni wapiga picha za harusi, na swali langu la kwanza kwao ni moja: umeiformati? Windows ikikuambia diski haitumiki mpaka uiformati, bonyeza Cancel. Mara nyingi mafaili bado yamo; kilichovurugika ni ile orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi.

Anza na waya. Eksteno ndogo za inchi 2.5 hutegemea umeme wa USB peke yake. Tundu la USB 2 hutoa miliampea 500, la USB 3 hutoa 900. Ukiichomeka kwenye tundu dhaifu inaweza kuwaka taa na isisome. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, na ujaribu waya mwingine mfupi. Kile kichwa kipana bapa cha waya hulegea mapema. Ukikigusa tu taa ikazima, badilisha waya.

Kisha tega sikio. Diski yenye afya huvuma taratibu. Ikigonga tik-tik-tik halafu ikatulia, chomoa papo hapo, maana huenda vichwa vya kusomea vimeharibika na vinaweza kukwangua sahani zinazobeba data. Usiifungue. Usiiweke kwenye friza, tafadhali. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo.

Haigongi? Fungua Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha diski zote. Ikionekana kwa ukubwa wake halisi, hata kama imeandikwa RAW (yaani Windows haitambui mpangilio wa mafaili yake), matumaini ni makubwa. Hapa ndipo watu hukimbilia chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Mimi siigusi kabla sijapata nakala, kwa sababu inaandika juu ya diski ileile mgonjwa.

Nakala naitoa kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ndani ya Linux niliyoiwasha kutoka kwenye flashi. Andika kwanza lsblk, amri ya kuorodhesha diski, utambue kila diski kwa ukubwa wake. Ukikosea chanzo na pa kupokelea, umefuta kazi ya mteja. Diski ya kupokea iwe kubwa zaidi na isiwe ya mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili la GB 4 na kuendelea. Ingia kwenye folda ya diski hiyo ya kupokea, kisha andika amri hii; /dev/sdb hapa ni eksteno mgonjwa, weka jina uliloliona kwenye lsblk:

ddrescue -d -n /dev/sdb harusi.img harusi.map

Inabeba kwanza sehemu nzima na kuziacha zile sugu. Ikimaliza, rudia amri ukiweka -r3 badala ya -n, ing'ang'anie mabaki. Umeme ukikatika usihofu: harusi.map inakumbuka ilipoishia.

Sasa iache eksteno ipumzike, ufungue ile harusi.img, yaani nakala ya diski nzima, kwa TestDisk, programu ya kurudisha mafaili. Chagua Analyse, bonyeza P uyaone mafaili, kisha uyakopi kwenye diski nyingine. Ikishindikana, programu mwenzake, PhotoRec, huchimba picha moja moja, ila majina na mafolda hupotea. JPEG nyingi za kamera hubeba tarehe ya kupigwa ndani yake, hivyo zipange kwa hiyo. Sendofu itajitenga yenyewe na harusi.