Somo: Boti italala wapi? Kuchagua nanga, boya na gati kuanzia Msasani

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Tangu somo la kushona matanga liishe simu yangu haipumui, kila mtu anauliza boti ailaze wapi. Nianze na aibu yangu.

Mwaka wangu wa pili na boti ya tanga niliingia ghuba ya Msasani saa kumi jioni. Maji yamejaa pomoni, bahari imetulia kama mafuta kwenye sahani. Nikaona mahali pazuri karibu na ufuko, nikatupa nanga, nikaenda zangu kula. Saa nne usiku mlinzi ananipigia: "Bosi, boti yako imelala ubavu." Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na mimi hata mwezi sikuutazama. Mkuku, ule uti wa chini wa boti, ulikuwa mchangani, mlingoti umeinama kama mlevi. Chini pangekuwa mwamba, leo nisingekuwa na boti ya kuandikia somo. Tangu hapo sichagui mahali kwa jinsi panavyonipokea. Nachagua kwa saa yake mbaya kuliko zote: maji yamekupwa, upepo umegeuka, na mimi nimelala fofofo.

Hatua ya 1: Maji

Siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita meta 3. Siku za maji mafu hushuka hadi kama meta moja. Mahali palipokutosha wiki iliyopita panaweza kukuweka mchangani wiki hii.

Jedwali la maji ni zuri, lakini wavuvi wetu wana kanuni isiyohitaji karatasi: bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ukifika saa kumi jioni ya bamvua, yale unayoyaona ni maji ya kukopeshwa, na mwenyewe atayachukua usiku huohuo.

Sasa hesabu. Umetupa bildi (hata kama una mashine ya kupima kina, kuwa na hii kamba yenye risasi, haiishiwi betri) ukapata meta 5 maji yakiwa juu. Yatashuka meta 3.3. Zinabaki 1.7. Mkuku wako unazama 1.6. Utasema imetosha, sentimeta 10 zipo. Hazitoshi! Wimbi moja la boti ya mwendokasi likikuinua na kukushusha, unagonga. Mimi nataka nusu meta juu ya mchanga, na penye mwamba meta nzima.

Hatua ya 2: Upepo wa msimu, na ule wa alfajiri

Ghuba ya Msasani imefunguka kaskazini, na rasi yenyewe inaikinga. Ndiyo maana wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kuendelea, unalala humo kama mtoto mgongoni. Ikija kaskazi, Desemba hadi Machi, boti zilezile kwenye maboya yaleyale zinacheza ngoma. Oyster Bay iko upande wa pili wa rasi, imeikabili bahari kuu. Pale tunakwenda kupunga upepo, hatulazi boti.

Kwenye visiwa vya Bongoyo na Mbudya kaa upande wa bara, kisiwa kikukinge na mawimbi ya nje. Ila kuna mtego ambao wageni hawauoni. Alfajiri upepo wa umande hutoka nchi kavu. Boti uliyoiacha jioni imeelekeza shetri (nyuma yake) bara inazunguka, na sasa shetri iko kisiwani, kwenye matumbawe. Kabla hujalala, chora akilini duara zima la nanga yako. Kama upande wowote wa duara una mwamba, hama wakati bado unaona.

Vimbunga kwetu ni nadra, lakini Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kabla ya kila safari, hata ya kwenda Mbudya kula samaki.

Hatua ya 3: Sakafu na amari

Mchanga ndio godoro la nanga. Kwenye majani ya bahari nanga huteleza juujuu ikakudanganya kwamba imeshika. Kwenye matumbawe ama haishiki, ama inanasa moja kwa moja, na vyovyote vile unavunja nyumba ya samaki. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975. Lipa kiingilio, kisha tafuta kipara cha mchanga. Jua likiwa juu utakiona cheupe.

Urefu wa amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga: chukua kina maji yakiwa yamejaa, ongeza kimo cha omo (mbele ya boti) kutoka majini, zidisha kwa 5 kama ni mnyororo mtupu, kwa 7 kama sehemu kubwa ni kamba. Meta 5 za maji na moja ya omo ni 6, basi toa meta 30 za mnyororo au 42 za kamba. Wengi hupiga hesabu kwa maji waliyoyakuta, halafu yanajaa usiku na amari inasimama wima. Amari iliyosimama wima inaing'oa nanga badala ya kuikaza.

Hatua ya 4: Boya

Hapa ndipo watu wanapolala usingizi wa pono. Ukiona boya limepakwa rangi mpya unadhani na chini ni hivyohivyo. Boya ni kofia tu. Kinachokushika ni jiwe la saruji na mnyororo usiouona.

Muulize mwenye boya mambo matatu: jiwe lina uzito gani, mnyororo ulikaguliwa lini, na boti kubwa kuliko zote iliyowahi kufungwa hapo ni ya futi ngapi. Akisema "halijawahi kuleta shida", hajakujibu. Na ujue saruji ikiwa majini hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake; jiwe la kilo 1,000 chini kule halifiki kilo 600.

Kisha vaa miwani, zama. Mnyororo huliwa zaidi pale unapoguswa na sakafu, sehemu inayoinuliwa na kushushwa kila maji yanapojaa na kupwa. Pete iliyobaki nusu ya unene wake ni ya kutupwa. Angalia kama shakeli, zile pingu za chuma zinazounga mnyororo, zimefungwa waya zisijifungue. Ukirudi juu, funga kwa kamba mbili zako mwenyewe, usiamini kamba iliyoachwa pale, na pale zinaposugua omo zivishe kipande cha bomba la maji. Mwisho, rudisha injini nyuma kwa nguvu dakika moja ukitazama alama mbili za nchi kavu. Zikiachana, ondoka.

Hatua ya 5: Gati na marina

Fupi, kwa sababu wengi wetu hapa ni watu wa maboya. Ukifika kwenye marina zenye magati yanayoelea, kama Eden Island kule Shelisheli, uliza kina wakati wa kupwa, kisha ndiyo umeme na maji ya bomba. Gati lisiloelea ni jambo jingine: kwa tofauti ya meta 3, kamba fupi zitaining'iniza boti kama mbuzi buchani. Na mlango wa bandari ya Dar si pa kulala kabisa. Ni mwembamba, meli zinapita na pantoni za Kigamboni zinakatiza mchana na usiku.

Maswali ya wanachama

*Kaka, rafiki amenipa boya lake bure miezi mitatu, amesafiri. Nina boti ya futi 30, yake ni ya 22. Nikatae?*
Usikatae kwanza, zama kwanza. Futi nane zinaonekana kidogo, lakini boti haikui kwa urefu tu. Uzito na eneo linalopigwa na upepo vinaongezeka haraka kuliko futi. Na pima duara lako: ukizunguka utamgonga jirani.

*Shikamoo mzee. Usiku nitajuaje nanga inakokota bila kukesha?*
Marahaba binti yangu. Weka mkono kwenye amari pale omoni. Nanga iliyoshika imetulia. Inayokokota inatetema kama gari kwenye barabara ya matuta. Pia linganisha taa mbili za nchi kavu. Programu za simu zenye king'ora zinafaa, mradi simu ina chaji. Na washa taa nyeupe ya nanga, ngalawa nyingi hupita usiku bila taa.

*Mkuu, nataka kwenda Unguja mwezi wa saba. Nitoke saa ngapi, nilale wapi?*
Ni kama maili 40 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) ni safari ya saa nane, na kusi pamoja na mkondo wa kwenda kaskazini vitakusukuma. Toka saa kumi na moja alfajiri ufike mchana, uyaone mafungu ya mchanga na miamba kwa macho. Mbele ya Mji Mkongwe kaa mbali na njia ya boti za abiria, mawimbi yao yatakumwagia chai. Mwenye boti yenye bendera ya nje apite kwanza uhamiaji na forodha.

*Boti yangu ya faiba imekaa kwenye boya mwaka mzima, chini imeota bustani. Babu yangu alipaka jahazi deheni. Nami nipake?*
Deheni, ile shahamu na chokaa, ni dawa ya mbao. Faiba inataka rangi yake ya kuzuia viumbe. Ila ufundi wa babu wa kutumia maji bado unafaa: siku ya bamvua iegemeze kwenye nguzo imara juu ya mchanga mgumu, maji yakikupwa anza kukwangua kuanzia mkukuni kwenda juu. Mkukuni ndiko maji yatarudi kwanza.