Somo: Katsuo no tataki, jodari wa moto wa mabua

Katsuo ni jodari mdogo anayependwa mno Kochi, kusini mwa kisiwa cha Shikoku, Japani. Majira ya kuchipua anapanda kaskazini na mkondo wa Kuroshio akiwa mkavu. Msimu wa vuli anarudi kusini kanona. Mimi ni wa huyu wa kurudi.

Hatua ya 1. Pasua minofu minne mirefu, miwili ya mgongoni, miwili ya tumboni. Ngozi iache. Nyama nyeusi ya katikati itoe, ndiyo yenye shombo.

Hatua ya 2. Tia chumvi. Penyeza kwenye minofu njiti ndefu za chuma zilizotawanyika kama upepeo, zikutane mkononi mwako.

Hatua ya 3. Moto, na hapa ndipo penye kazi. Si mkaa wala gesi: mabua makavu ya mpunga. Yanalipuka, ndimi zinapanda, moshi unanukia. Anza na ngozi mpaka itoe malengelenge, kisha geuza, nyama ipauke juu tu. Hesabu sekunde. Mara ya kwanza nilipokea simu, nikaambulia ng'onda.

Hatua ya 4. Kata vipande vinene kama kidole, katikati pabaki pekundu. Nyunyiza chumvi, pigapiga kwa kiganja (tataki ni kupiga huko). Juu yake vitunguu saumu vibichi, bila huruma. Wengine humwagia ponzu: sosi ya soya na maji ya yuzu, jamaa ya ndimu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Baada ya moto hatumtumbukizi kwenye maji ya barafu?
Jibu: Marahaba. Wengi hutumbukiza asizidi kuiva, lakini maji yanaondoka na ule moshi ulioutolea jasho. Mimi namla wa vuguvugu.

Swali: Niko Tanga, mabua sina. Makumbi ya nazi je?
Jibu: Makumbi yanafukafuka tu. Jaribu makuti makavu, ila harufu itakuwa nyingine.

Swali: Katikati mbichi, na minyoo?
Jibu: Anisakisi wapo, na moto huu hauwafikii. Mwongozo wa Japani ni kugandisha nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Na jodari aliyeshinda juani hutengeneza histamini, sumu isiyoondoka kwa moto wala barafu. Ukionja ulimi ukawasha, tema.