Punda Akigoma Njiani, Shusha Fimbo Uangalie Mkokoteni

Punda kasimama katikati ya njia na madumu 20 ya maji, lita 20 kila moja, hizo ni kilo 400 bila mkokoteni wenyewe, na mwenye punda anachofikiria ni fimbo tu, tena palepale penye kidonda cha jana. Na bado haendi. Farasi akiogopa anatimua mbio, punda akiogopa au akiumwa anaganda, kwa hiyo ukimchapa unamwongezea kilekile kilichomsimamisha halafu unamwita mkaidi.

Kabla hujainua mkono zunguka kwanza. Bonyeza tairi, kama halina upepo anavuta kama anapanda mlima. Beringi ikilia tia grisi. Mzigo ukiwa mbele sana unamkandamiza mgongoni, ukiwa nyuma sana mikono ya mkokoteni inainuka na mkanda unambana tumbo. Halafu hii ya kumvalisha nira ya ng'ombe, jamani, ng'ombe ana nundu, punda hana, ile mbao inasugua mfupa mtupu! Punda anavuta kwa kifua, mshonee mkanda mpana wa gunia uweke kitambaa cha pamba ndani, kamba ya nailoni inakata kama kisu.

Sisemi utupe fimbo, ila kazi yake ni kuonyesha njia. Anza na sauti, asiposikia mguse begani, akianza tu kutembea acha papo hapo. Hapa ndo wengi tunaharibu, mnyama keshatii na bado anachapwa, sasa atajuaje alichotakiwa afanye? Fimbo yenye msumari nchani ndo usiiguse kabisa. Hata kwenye mbio za farasi, penye hela nyingi, Norway walianza kubana matumizi ya kiboko tangu 1982, na ngozi ya farasi inasikia hata nzi akitua, ya punda nayo usidanganywe na yale manyoya.

Kama ameshachubuka, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa osha taratibu. Oili chafu ya gari usipake, najua wengi mnapaka. Mpumzishe mpaka ngozi ifunge, na kidonda kikiwa kimeingia ndani muite daktari wa mifugo amchome sindano ya pepopunda, maana huo ugonjwa jina lenyewe limebeba punda.