Kupiga Linux au Windows: prosesa inapoikataa ISO

Wakuu, juzi nililetewa kilaptop cha mtumba chenye prosesa ya Atom N270. Mwenyewe kachoma flashi mara tatu, na kila akiwasha skrini inabaki nyeusi na ujumbe uleule: kernel (kiini cha Linux) inataka x86-64, yaani biti 64, imekuta i686, yaani biti 32. Akadhani flashi imekufa. Flashi ilikuwa nzima na ISO (faili la kusakinishia mfumo) nzima, ila prosesa hiyo ni ya biti 32 na yeye kashusha ya biti 64. Bando lake lote lilikwisha hivyo, na iliniuma, maana ukaguzi wenyewe ni wa dakika moja.

Hatua ya 1: Iulize prosesa, usiuulize mfumo uliomo. Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Laptop yenye Windows ya biti 32 inaweza kuwa na prosesa ya biti 64 kabisa. Kwenye Windows 10 fungua Settings, System, About, usome mstari wa "System type". Nusu ya kwanza inauzungumzia mfumo, nusu ya pili prosesa. Ukiona x64 kwenye nusu ya pili, umepona. Kwenye Linux andika `lscpu`, utazame "CPU op-mode(s)": ikitaja 32-bit na 64-bit pamoja, prosesa inabeba zote. Usitegemee `uname -m`, hiyo inakutajia kernel inayotembea muda huo tu.

Hatua ya 2: Soma jina la ISO. amd64, x86-64 na x64 ni kitu kimoja. Wenye prosesa ya Intel Core i5 huikimbia amd64 wakidhani si yao. Jina limetoka kwa AMD kwa sababu wao ndio waliobuni, wakatoa prosesa za kwanza mwaka 2003, Intel wakafuata. Ishushe bila wasiwasi. i386, i686 au x86 peke yake ni biti 32. arm64 ni ya Raspberry Pi na jamaa zake, kwenye laptop ya Intel haibuti.

Hatua ya 3: Ikiwa kweli ni biti 32, chukua Debian 12 (aina ya Linux) ya i386. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha i386, na Windows 11 haijawahi kuwa na toleo la biti 32.

Maswali ya wadau

*Mkuu, nina Core i3 lakini VirtualBox (programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya kompyuta) inanionyesha mifumo ya biti 32 tu. Shida nini?*

Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka), washa VT-x (huandikwa Virtualization Technology), hifadhi, kisha zima mashine kabisa ndipo uwashe.

*Kaka, tableti yangu ina Atom Z3735F, ni ya biti 64, ila flashi haionekani kwenye menyu ya kubuti.*

Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ni ya biti 32. Inatafuta faili la bootia32.efi ndani ya EFI/BOOT, na ISO nyingi zina bootx64.efi peke yake. Jaribu Debian 12 ya amd64, yenyewe imebeba yote mawili.

*Naweza kutoka Windows ya biti 32 kwenda 64 bila kufuta?*

Hapana dada, unapiga upya. Hamishia picha na kazi zako kwenye diski ya nje, ufungue mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yamefika, ndipo uguse flashi.