Kusoma ripoti ya maabara baada ya upasuaji wa saratani ya puru

Anza na nyama yenyewe, karatasi itafuata. Hutokea Mombasa jamaa wa mgonjwa wakakabidhiwa kipande kilichokatwa wakipeleke maabara ya nje. Ukikabidhiwa wewe, angalia mambo haya kabla hujatoka wodini. Chombo kiwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama hukakamaa ndani ya dawa ya kuihifadhi na haitatoka tena kwenye mdomo mwembamba. Dawa iwe fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama. Kwa kipande cha puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, hizo ni lita kadhaa, kwa hiyo kikopo kile cha biopsi (kinyama kidogo cha kupima) hakifai. Maji ya bomba au ya chumvi hayahifadhi kitu. Fomalini huingia polepole, kama milimita 1 kwa saa, na kwa joto letu nyama isiyo na dawa ya kutosha huoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima.

Jina, namba ya hospitali, tarehe na sehemu iliyokatwa viandikwe kwenye chombo chenyewe. Kifuniko hupotea au hubadilishwa. Kifunge kwenye mfuko wa pili kabla ya kupanda tuktuk au feri ya Likoni, na usikifungue njiani: mvuke wake huchoma macho na koo. Wala asitokee mtu wa kukipasua "kuona uvimbe". Sura ya nje ya kipande hicho ndiyo itakayosomwa kwanza.

Sababu inatoka kwa Bill Heald, daktari mpasuaji wa Basingstoke, Uingereza. Mwaka 1982 yeye na wenzake walitoa hoja kwamba saratani ya puru hurudi nyongani mara nyingi kwa sababu ya mabaki ya mafuta yanayolizunguka puru, yaani mesorektamu. Ndani ya mafuta hayo mna tezi za limfu na vichembe vya saratani visivyoonekana kwa macho. Suluhisho lao lilikuwa kuacha kulichomoa puru kwa mkono gizani, na badala yake kukata huku unaona, ukifuata utando mwembamba unaoyafunika mafuta hayo. Fikiria kipande cha chenza: kikitoka na ngozi yake nzima, hakivuji. Mwaka 1986 Phil Quirke, mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa nyama maabara) wa Leeds, Uingereza, na wenzake wakaonyesha namna ya kuukagua ukingo wa kazi hiyo mezani: kipande hukatwa kwa mkingamo kama boflo, na umbali wa saratani hadi ukingo wa pembeni hupimwa. Siku hizi ukingo hupakwa wino kwanza, na silesi huwa za milimita 3 hadi 5.

Sasa shika ripoti. Wengi hukimbilia hatua ya ugonjwa. Tafuta kwanza ubora wa mesorektamu. "Complete" maana yake uso ni laini na hauna shimo la kina kinachozidi milimita 5. "Nearly complete" ina mikwaruzo ya kina zaidi, lakini msuli wa puru haujaonekana. "Incomplete" ni mbaya: mafuta ni haba na msuli uko wazi. Saratani ikiwa sehemu ya juu ya puru, si lazima mafuta yote yatoke. Kukata sentimita 5 chini ya uvimbe kunakubalika.

Kisha tafuta herufi CRM, ukingo wa pembeni. Milimita 1 au chini yake huhesabiwa kuwa ukingo umeguswa, na hatari ya ugonjwa kurudi hupanda. Neno "clear" peke yake halitoshi. Uliza: "Daktari, zimebaki milimita ngapi?"

Tezi zilizokaguliwa ziwe angalau 12. Zikiwa pungufu huenda hazikutafutwa vizuri, ingawa mionzi kabla ya upasuaji nayo huzipunguza. Herufi y mbele ya pT (alama ya kina cha saratani) huonyesha kwamba mgonjwa alitibiwa kabla ya upasuaji. Herufi N ni ya tezi: tezi 1 hadi 3 zenye saratani ni N1, 4 au zaidi ni N2. Ukiona MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, hizo ni protini zinazosaidia kuchagua dawa na kujua kama ndugu wa damu wapimwe.

Ripoti ikija bila CRM au bila ubora wa mesorektamu, rudi maabara wiki hiyohiyo, ukiwa na barua ya mpasuaji, uombe ripoti ya nyongeza. Vipande vilivyogandishwa kwenye nta huhifadhiwa kwa miaka, lakini nyama iliyobaki kwenye fomalini hutupwa baada ya wiki chache. Ikishatupwa, kama hakuna picha iliyopigwa, uso wa nje hauwezi kukaguliwa tena.