Anza na fomu, nadharia baadaye

Kama kazi yako inagusa watu wenye ulemavu, iwe ualimu, tiba au ustawi wa jamii, na unataka kuusoma ulemavu kwa jicho la historia ya ukoloni, usikimbilie nadharia. Chukua fomu ya tathmini mnayoitumia kazini. Mara nyingi inauliza kiungo gani kina hitilafu na mtu anamudu kazi gani. Hitilafu ilitoka wapi? Kimya.

Hapo ndipo pa kuchimba. Wanaume wengi wa Lesotho, Msumbiji na Malawi waliochukuliwa kufanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walirudi makwao na silikosisi, mapafu yameharibiwa na vumbi la mawe. Ukiuona ulemavu huo kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja, umeacha nusu ya habari, tena nusu nzito.

Kisha soma sambamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 na Itifaki ya Umoja wa Afrika ya 2018 kuhusu haki hizohizo. Itifaki inataja kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino. Mkataba hauwataji kabisa. Tofauti za namna hiyo ziandike pembeni, ndizo zinazoamsha mjadala semina inapopoa.