Tope la lambo ni mali: lizoeni kabla ya mvua, visima vifufuke

Ukipita vijiji vya Dodoma na Singida mwezi Septemba utakuta malambo yaliyobaki vibonde vitupu, tope limepasuka vipande kama vigae na alama za kwato zimekaukia humo. Wengi huona lambo la namna hiyo limekufa. Mimi naona limefika wakati wa kushikiwa koleo, maana mvua zikishaanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, hakuna atakayeingia tena.

Kabla ya kuchimba, mkutano wa kijiji ukubaliane lambo ni la nini. La kunyweshea mifugo linapaswa kushika maji juu, kwa hiyo sakafu yake ya mfinyanzi isitobolewe. La kulisha visima linapaswa kuyapitisha chini. Kiangazi jua hunywa milimita 5 au zaidi za maji ya wazi kila siku, na kwa miezi 6 hiyo ni karibu mita nzima. Maji yaliyozama ardhini jua haliyafikii. Ndiyo maana lambo la kulisha visima likikauka Juni sisikitiki, mradi maji ya visima vilivyo upande wa chini wa tuta, yaani ukingo wa udongo unaozuia maji ya lambo, yamepanda.

Kinachoziba lambo la kulisha visima ni tope laini. Kila mvua hushusha tabaka jembamba, na baada ya miaka sakafu inakuwa kama imesiribwa. Ipimeni hivi: chimbeni katikati shimo la kina cha mkono mmoja, mlijaze maji, yakishazama mlijaze tena jioni. Asubuhi mkikuta maji yako palepale, bado mko kwenye tope. Mkifikia kichanga au changarawe, simameni. Na msichimbe karibu na mguu wa tuta. Acheni angalau hatua kumi, tuta lisije likakosa egemeo. Kagueni pia utoro, yaani njia ya kumwaga maji yanayozidi. Malambo mengi hubomoka kwa sababu utoro umeziba na maji yakapita juu ya tuta.

Tope lenyewe pelekeni shambani. Katika jimbo la Telangana, India, serikali ilianza mwaka 2015 mpango wa kufufua mabwawa ya vijiji uitwao Mission Kakatiya, na wakulima walisomba tope kwenda kurutubisha mashamba yao. Shamba la kichanga ndilo hufaidi zaidi, kwa kuwa tope hushika unyevu na mbolea. Shamba la mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, halilihitaji. Tope likiwa na ukoko mweupe wa chumvi liacheni kabisa, na hata lililo safi lijaribuni kwanza kwenye kipande kidogo.

Huko huko India, wilaya ya Alwar katika jimbo la Rajasthan, wanavijiji wakishirikiana na shirika la Tarun Bharat Sangh walianza mwaka 1985 kufufua malambo ya udongo yaitwayo johad. Miaka ya 1990 mto Arvari, uliokuwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, ukarudi kutiririka mwaka mzima. Jambo ninalolithamini zaidi ni walilofanya baadaye: vijiji takribani 70 viliunda baraza la mto na kuwekeana masharti juu ya mazao yanayokunywa maji mengi kama miwa na mpunga. Kisima kilichofufuka kikiwekewa pampu tano bila makubaliano, hakimalizi msimu.

Tope jipya lizuiwe lilikotoka. Wenye mashamba ya juu wachimbe makinga maji kufuata kontua, yaani kukingama mteremko kwa usawa mmoja, na kupanda matete kwenye kingo. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bwawa, basi mifugo nayo ijengewe birika nje ya eneo hilo. Mkitaka kuinua tuta, mwoneni kwanza afisa ugani, awaunganishe na mhandisi na bodi ya maji ya bonde lenu.

Kuanzia sasa chagueni visima vitatu chini ya lambo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla watu hawajateka, mmoja wenu ashushe kamba yenye fundo kila nusu mita na kuandika kina cha maji kwenye daftari la kijiji, mpate kuona kama visima vinapanda.